Acheni kuosha sponji za filta ya tenki la samaki bombani, nawaomba

Wiki hii ni dogo wa tatu. Ananitumia video saa nne usiku, tenki linang'aa mpaka unaona ukuta wa nyuma, samaki wote wako juu wanahema, halafu ananiuliza "kaka hawa wamepatwa na nini, mbona maji masafi?" Ndo hapohapo sasa, masafi. Mmenichosha na nawapenda, kwa hiyo naandika mara moja muwe mnatumiana wenyewe, mi nilale.

1. Maji ya bomba yana klorini, dawa ya kuua vijidudu. Yaweke kwenye ndoo na jiwe la hewa (lile linalotoa mapovu) masaa 24, au tia dawa ya kuondoa klorini. Kama yametiwa kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, kuyalaza hakusaidii, hapo ni dawa tu. Ya kisima hayana klorini ila nayo yapige hewa kwanza, mara nyingi yanatoka chini yakiwa na oksijeni kidogo. Na ndoo ya samaki ni ya samaki, siku ukikuta imelowekwa nguo na sabuni usigombane na mtu, hiyo ishakuwa ya nguo, nunua nyingine.

2. Filta, yaani kichujio cha maji ya tenki. Hapa nikae kidogo maana hapa ndo niliumia.

Nilikuwa na tenki la lita 200 na yelo labu kumi na moja, wale wa njano wa Ziwa Nyasa, nimewalea toka wana ukubwa wa ukucha. Sponji mbili, mota moja ya hewa, miezi minane hajafa hata mmoja, nikajiona profesa. Sasa mama mkwe akapiga simu anakuja Jumapili kutoka Tanga. Jumamosi naliangalia tenki, mwani kwenye kioo, sponji nyeusi kama masizi ya sufuria, nikasema haiwezekani mama akute uchafu huu. Nikawatoa samaki kwenye beseni, nikamwaga maji yote, changarawe nikaifikicha mpaka vidole vikauma, zile sponji nikazibana chini ya bomba mpaka maji yakatoka meupe pee. Nikajaza kwa mpira moja kwa moja, nikadondoshea dawa ya kuondoa klorini kidogo kwa kukadiria, nikarudisha samaki. Mama alipofika akakaa mbele ya lile tenki na chai yake akawa anasema mwanangu huyu ana mikono, we acha tu, nilivimba.

Jumatatu wakagoma kula. Nikasema wamechoka wageni. Jumanne wako juu wanahema, nikaongeza mota ya pili. Jumatano asubuhi wanne wamelala chini, na mi akili yangu ikanituma ni ugonjwa, nikamwaga methilini bluu, ile dawa ya bluu ya samaki, humohumo ndani, yaani hata bakteria wachache waliobaki nikawamalizia. Ijumaa walikuwa wamebaki wawili. Nikaenda kwa yule mzee aliyeniuzia nimejaa hasira kwamba kanipa samaki wabovu, ananisikiliza mpaka mwisho, hajapandisha hata sauti, ananiuliza swali moja tu: "Sponji uliiosha na maji gani?"

Ule weusi sio uchafu tu jamani. Humo ndo wanaishi bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi na mkojo kuwa naitraiti, wengine wanaigeuza naitraiti kuwa naitreti ambayo unaitoa kwa kubadilisha maji. Ukiwaua, samaki anaoga kwenye mkojo wake, na hao wa maziwa yetu tunawaweka kwenye pH (kipimo cha asidi ya maji) ya 8 kwenda juu ambako amonia inakuwa kali zaidi. Amonia haina rangi. Ndo maana maji yanaonekana ya chupa na samaki anakufa.

Sponji ikibana hewa, chota maji ya tenki kwenye ndoo, ikamue humo mara mbili tatu, irudishe ikiwa bado chafuchafu. Kama ziko mbili osha moja leo, nyingine baada ya wiki mbili tatu. Basi, ndo hiyo tu, na ilinigharimu samaki tisa.

3. Tenki jipya linataka wiki nne mpaka sita kusaikoli, yaani hao bakteria waote kwanza. Vipimo vikisoma amonia sifuri, naitraiti sifuri, na naitreti ipo, ndo unaweka samaki. "Nimeliacha siku tatu" sio saikoli, umeyaacha tu maji yasimame.

4. Badilisha robo kila wiki, usimwage yote. Wageni watavumilia mwani (mama mkwe hajui mpaka leo, akipiga simu anawaulizia wale wa njano, namwambia wanakusalimia mama).

5. Umeme ukikatika masaa mengi, filta ya kanista (ile ya kopo lililofungwa, inakaa nje ya tenki) usiiwashe tu ukirudi, ule uozo uliolala ndani utaingia wote kwenye tenki. Mwaga kwanza maji yaliyomo.

Na we dogo wa jana, leo usiwalishe. Toa theluthi moja ya maji, rudisha yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini na yenye joto lilelile, kesho hivyohivyo, hewa usizime. Kwangu kuna sponji ya ziada imekaa kwenye tenki toka mwaka jana, nyeusi tii, njoo uichukue na uje na ndoo yenye mfuniko ikae kwenye maji njia nzima. Ukiipitisha bombani nitajua.