Usifukie hilo bomba kesho!

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema mmekuta mizizi ndani ya bomba la choo, fundi ameikata, kesho mnafukia na kumwaga mrututu (ile chumvi ya shaba ya kuua mizizi) "kumaliza kazi", halafu unauliza upande mti gani pale na uwe umbali gani. Mti utasubiri. Weka koleo chini.

Mimi nilifukia. Choo kilikuwa kikigugumia, maji yanapanda hadi ukingoni, yanatafakari kidogo, ndipo yanashuka. Fundi akaja na waya wake, akavuta fundo la mizizi refu kama mkia wa farasi. Harufu yake sitaki hata kuikumbuka. Akaniambia kwa uhakika wa daktari: "Bosi, mti huu mizizi yake inatoboa bomba." Nikamwamini. Alirudi mara sita. Mara sita! Watoto wakaanza kumwita anko. Hakuniambia kwamba mzizi ukikatwa huchipua upya, tena kwa wingi, kama ndevu zangu.

Mrututu nilimwaga pia. Ulikausha mizizi iliyokuwa ndani ya bomba, ila tundu ilimopitia likabaki wazi. (Kama choo chako kinaingia kwenye shimo la septiki ndiyo kabisa usithubutu, unaua na wale bakteria wanaokuozeshea uchafu humo.)

Basi nikakata mti. Mama watoto hajanisamehe kile kivuli mpaka leo. Na choo kikaziba tena! Safari hii mizizi imetoka kwenye ua wa jirani.

Hapo nikachimba mwenyewe, kwa hasira. Nilipofika kina cha magoti nikakuta soketi ya bomba la inchi 4, yaani kile kiungio ambacho bomba moja linaingia ndani ya jingine. Nikaishika, nikavuta kwa mkono mmoja, ikachomoka kama kifuniko cha kalamu. Hakuna hata tone la gundi! Udongo kuizunguka ulikuwa mweusi, umeloa, na vizizi vyembamba kama uzi vimejipanga kuingia. Na unajua nani alilaza bomba lile? Anko.

Mzizi hautoboi bomba zima la plastiki, mkuu. Unafuata unyevu unaovuja kwenye kiungio, unapenya ukiwa kama unywele, kisha unanenepa humo humo na kupanua ufa. Mimi nilipigana na mti miaka mitatu, kosa lilikuwa la soketi.

Kwa hiyo: BOMBA HALIFUKIWI KABLA HALIJAJAZWA MAJI. Kila kiungio ukifute kikauke, gundi ipakwe pande zote mbili, bomba na soketi, sukuma huku unazungusha robo mzunguko, shikilia kidogo. Acha gundi ikauke sawasawa. Kisha ziba mdomo wa chini kwenye chemba (lile shimo la ukaguzi lenye mfuniko), jaza maji kutoka juu, weka alama yalipofikia, kaa hapo saa nzima viungio vyote vikiwa wazi. Maji yakishuka, tafuta soketi inayotoa jasho. Kipande chenye ufa kikate, weka kipya. Habari za kupaka simenti juu juu mwachie anko.

Fundi wako atanuna, atasema unampotezea muda. Anune. Mwambie hela ya mwisho anaipata maji yakibaki kwenye alama, halafu tupia picha hapa kabla hujarudisha udongo.