Chembe Nyekundu Katika Kwazi Iliyosagwa: Ni Shaba Asilia?

Swali: Mimi ni mchimbaji mdogo huku Mpanda. Tulisaga mawe meupe ya kwazi kwenye karasha, na tulipoosha unga kwenye karai zikabaki chembe nyekundu zenye kung'aa, ambazo hata zebaki imezishika. Wenzangu wanasema ni dhahabu yenye shaba ndani yake. Nitazitambuaje?

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na zebaki, kwa kuwa ndiyo iliyowapa wenzako matumaini. Zebaki hushika pia shaba ambayo uso wake ni safi, na mitambo ya zamani ya kusagia mawe ilitumia mabamba ya shaba yaliyopakwa zebaki ili kunasa dhahabu. Kwa hiyo kushikwa na zebaki hakuthibitishi dhahabu, na nakusihi usiichome hiyo zebaki kwa ajili ya kupima tu, maana mvuke wake ni sumu. Dhahabu ya asili kwa kawaida huchanganyika na fedha, na ni nadra kuwa na shaba nyingi kiasi cha kuwa nyekundu.

Chukua chembe ambayo haijaguswa na zebaki, iweke juu ya chuma bapa, uifunike kwa kipande cha nailoni isiruke, kisha uigonge taratibu kwa nyundo. Ikisagika ikawa unga mweusi, hiyo ni pairaiti au kalkopairaiti, madini ya salfa yanayowadanganya wengi kwa mng'ao wake. Ikitandazika kama jani bila kupasuka, ni metali halisi, ama shaba ama dhahabu. Iloweke katika siki yenye chumvi kidogo: shaba iliyofifia hutakata na kuonyesha wekundu wa waridi, lakini baada ya siku kadhaa hewani hufifia tena, jambo ambalo dhahabu safi haifanyi. Karai nayo hueleza mengi. Uzito wa shaba ni takribani mara 8.9 ya maji, wa dhahabu safi ni 19.3, na wa mchanga mweusi wa magnetaiti ni karibu 5.2, hivyo chembe za ukubwa unaolingana zikioshwa, shaba huelekea kukaa kati ya mchanga mweusi na dhahabu.

Hata ikithibitika kuwa ni shaba, hujajua bado kama ni shaba asilia, yaani shaba tupu iliyotoka kwenye mwamba, na hapa ndipo ninapoona watu wakipoteza fedha nyingi. Nyaya za detoneta za umeme, yaani viwashio vya baruti ya kulipulia miamba, huwa na shaba, na bushi za karasha, yaani pete ambamo mhimili wake huzungukia, mara nyingi hutengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na bati. Vyote hivyo husagika pamoja na mawe. Tazama chembe kwa lenzi inayokuza mara 10. Kipande cha waya kina unene uleule mwanzo hadi mwisho, na huenda kikawa na michirizi iliyonyooka ya kiwandani. Shaba asilia huwa na matawi, ndoano na vishimo, na mara nyingi vijipande vya kwazi vimeng'ang'ania ndani ya mikunjo yake.

Ushahidi ninaouamini kuliko wote ni jiwe ambalo halijaingia kwenye karasha. Rudi kwenye mshipa uleule, uchague mawe yenye madoa ya kijani ya malakaiti au wekundu mzito wa kupraiti, yote mawili madini ya shaba, uyavunje kwa mkono juu ya turubai safi. Ukiona shaba imepita ndani ya ufa wa kwazi, basi ni ya mwamba. Kwenye mishipa kama hiyo, shaba asilia hupatikana zaidi karibu na uso wa ardhi, mahali ambapo maji ya mvua na hewa vimeozesha madini ya salfa, na kwa hiyo yamkini chini zaidi utakutana na kalkopairaiti badala ya shaba tupu.

Usijaribu asidi ya nitriki nyumbani. Huyeyusha shaba na kutoa moshi wa kahawia wenye sumu. Kazi hiyo iachie maabara, kama ile ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iliyoko Dodoma. Peleka chembe ambazo hazijaguswa na zebaki pamoja na mawe ambayo hayajasagwa, kila kimoja kwenye mfuko wake, uombe vipimo vya shaba, dhahabu na fedha, na uandike juu ya mfuko kina na mahali mawe yalipotolewa.