Wadogo zangu, toeni treki kwenye Raiti kabla ya kusikiliza

Wiki hii nilikaa nyuma ya kijana anayejifunza kumiksi. Kontrola, kile kifaa cha kuongozea programu ya muziki, kaiunganisha vizuri, feda (kitelezi cha sauti) ya mwimbaji kaisogeza kwa sikio zuri kabisa, halafu akarudisha wimbo mwanzo ili asikilize, treki, yaani njia ya sauti ya mwimbaji, ikiwa bado kwenye Raiti: hali ya kuandika otomesheni, ile kumbukumbu ya misogeo ya feda ambayo programu huirudia yenyewe. Nilimdaka mkono. Ni wa tatu mwaka huu. Nawapenda, ndiyo maana naandika, lakini kudaka mikono nimechoka.

1. Raiti. Nilipoanza kazi hii nilikesha siku mbili na wimbo mmoja wa dakika nne. Neno kwa neno: hapa mwimbaji kaishiwa pumzi, napandisha, pale herufi imemtoka kwa kishindo, nashusha, kiitikio nakiongeza desibeli moja tu ili kifunguke. Asubuhi mwenye wimbo akaja. Nikaupiga tangu mwanzo, tukawa tunaongea. Raiti haisubiri uguse feda. Wimbo ukishaanza kwenda, inaandika thamani iliyopo na kufuta ya zamani, sekunde baada ya sekunde. Tulipomaliza kuongea nikahifadhi juu ya faili lilelile, nikafunga programu, na historia ya kutendua ikaenda nayo. Jioni nilipofungua, mstari wa otomesheni ulikuwa umenyooka kama uzi uliovutwa, mwanzo hadi mwisho. Nakala sikuwa nayo. Nilirudia kazi yote, na nyingi ilirudi, ila ubeti wa pili haukuwahi kukaa tena vile. Kila nikiusikia najua palipopungua.

Kwa hiyo hifadhi kwa jina jipya kabla ya kurekodi otomesheni, na ukimaliza kupita rudisha treki kwenye Ridi, hali ya kusoma tu bila kuandika.

2. Kwa marekebisho tumia Tachi, hali inayoandika pale tu unapogusa feda, maana ukiiachia thamani inarudi kwenye mstari wa zamani. Lachi, hali nyingine ya kuandika, hubaki ulipoiacha mpaka usimamishe wimbo.

3. Feda isiyo na mota ya kuisogeza yenyewe iwekee mpangilio wa kusubiri, ili isishike mpaka ivuke thamani iliyopo kwenye programu, la sivyo sauti itaruka.

4. Ujumbe wa kawaida wa MIDI, lugha ya vifaa vya muziki, tangu 1983, una biti 7: ngazi 128, kutoka 0 hadi 127. Kwa sauti ya treki mara nyingi hutosikia kitu. Kwa filta (kichujio cha sauti) inayofunguka polepole, utasikia ngazi zikiruka. Binti mmoja alimaliza jioni nzima akiwinda mkwaruzo kwenye kinanda chake. Kabadilisha plagini, kabadilisha kebo, karibu abadilishe kompyuta. Nikamwambia achore mstari uleule kwa mausi, usiopita kwenye ngazi hizo 128, na mkwaruzo ukapotea. Ndiyo maana feda za Mackie Control, mfumo mmoja wa kontrola, hutumia pichibendi, ujumbe wa MIDI wa kupindisha noti, wenye biti 14 na nafasi ya thamani 16,384. Binti aliniangalia kwa hasira ya mtu aliyepoteza jioni yake, na ninamwelewa.

5. Feda ya mota inayohisi mguso inataka ngozi ya kidole. Ukiisukuma kwa ukucha au kalamu itashindana nawe.

6. Feda iko baada ya kompresa, kile kifaa kinachobana sauti zinazopanda sana. Kama unataka kompresa ipumzike kwenye mistari mikali, fanyia otomesheni geni (kipandisha na kishusha sauti) iliyo kabla yake.

Na wewe niliyekudaka mkono: treki ya waitikiaji bado iko Raiti. Niliiona wakati natoka.