Ukiomba mkopo wa Bodi, anza na vyeti

Wadogo zangu mliomaliza kidato cha sita, na ninyi wa stashahada mnaotaka kuingia digrii, kila msimu wa maombi ya mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, mnaniuliza bumu (fedha ya kujikimu) ni shilingi ngapi na nani anapata mkopo wa asilimia mia. Swali linalotangulia hayo yote ni hili: unazo karatasi za kuthibitisha unayoyasema kuhusu nyumbani kwenu?

Kuna sifa za kuomba, halafu kuna uhitaji. Sifa hazina utata: uwe Mtanzania, usiwe umezidi miaka 35 unapoomba, uwe umedahiliwa kusoma kwa muda wote katika chuo kinachotambulika, usiwe na kipato cha ajira wala biashara rasmi, na uwe umemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita. (Hilo la miaka mitano naona linawabana sana waliolazimika kwanza kutafuta riziki ya wadogo zao.) Bodi hutoa mwongozo mpya kila mwaka, kwa hiyo soma wa mwaka wako, usitegemee alioutumia kaka yako. Ukitimiza sifa hizo umeruhusiwa kuomba tu. Fedha zinagawiwa kwa kuangalia uhitaji, na wahitaji ni wengi kuliko fedha zilizopo.

Uhitaji wako Bodi inausoma kwenye viambatisho: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha mzazi kwa yatima, fomu ya ulemavu iliyothibitishwa na mganga mkuu wa mkoa au wilaya, uthibitisho kwamba kaya yenu ni mnufaika wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo lazima vihakikiwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na kwa Zanzibar na wakala wa huko wa matukio ya kijamii.

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na inaniuma kwa sababu mara nyingi wanaokwama ndio wenye shida hasa. Baba alifariki kijijini, akazikwa, kijiji kizima kinajua, lakini hakuna aliyeandikisha kifo. Mtoto anakuja kuomba mkopo akiwa yatima kweli, ila kwa mfumo hana cha kuonyesha. Kama hiyo ndiyo hali yenu, usingoje matokeo ya mtihani. Mwambie mama au baba mdogo aanze sasa: kibali cha mazishi kama kipo, barua ya mtendaji wa kijiji, kisha kwa msajili wa vizazi na vifo wilayani. Kuandikisha kifo cha zamani kuna mzunguko mrefu kuliko cha juzi, na dirisha la maombi halikungojei.

Majina nayo. Cheti cha kuzaliwa kinasema Yohana, cha kidato cha nne kinasema John, na cheti cha kifo cha baba kina jina la ukoo ambalo wewe hukuwahi kulitumia shuleni. Weka vyeti vyote mezani, linganisha herufi kwa herufi, na palipotofautiana tafuta mwanasheria mapema akuelekeze kama kiapo kinatosha au unahitaji hati ya kubadili jina.

Uliyesoma shule ya binafsi kwa msaada wa kanisa, msikiti, shirika au msamaria, omba barua ya ufadhili kwa aliyekulipia. Bila barua hiyo, ada kubwa ya shule yako inaonekana kama uwezo wa wazazi wako.

Maombi yenyewe yanafanyika mtandaoni kwenye OLAMS, mfumo wa Bodi wa kuombea mkopo. Ukienda kujaziwa steshenari, kaa pembeni ya anayejaza na usome kila kisanduku. Namba ya simu na barua pepe viwe vyako, nenosiri uliandike wewe. Tumia namba ileile ya mtihani wa kidato cha nne uliyoombea chuo. Aliyerudia mtihani ataje namba zake zote. Fomu ikishachapwa inahitaji saini yako, ya mdhamini, ya serikali ya mtaa au kijiji, na ya kamishna wa viapo au hakimu. Kabla ya kuipakia, kagua kurasa zote, maana saini moja ikikosekana ombi halijakamilika.

Majina ya waliopangiwa hutoka kwa awamu, hivyo kukosa awamu ya kwanza hakumaanishi umekosa kabisa. Aliyechaguliwa vyuo viwili athibitishe kimoja mapema, kwa sababu mkopo unafuata chuo ulichothibitisha. Dirisha la rufaa likifunguliwa, peleka ushahidi ambao haukuwamo mwanzo. Kurudia maelezo yaleyale hakuipi Bodi sababu ya kubadili uamuzi.

Na wazazi wajue kuwa huu ni mkopo. Ukiajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi kila mwezi hadi deni liishe. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, ambayo kaka na dada zenu waliilalamikia sana, ilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo anayekutisha kwa hiyo anakupa habari za zamani.