Swali la Lugha: Je, Kila "Connect" ni "Unganisha"?

SWALI: Ninafasiri maandishi kutoka Kiingereza, na kila ninapokutana na kitenzi "connect" huandika "unganisha". Mhariri wangu amenirudishia sentensi mbili, "Polisi wanamuunganisha kijana huyo na wizi" na "Mwimbaji aliungana na mashabiki wake tangu wimbo wa kwanza", akisema kwamba zinapotosha. Kosa langu liko wapi?

JIBU: Mhariri wako ana haki, na sababu yake inaanzia kwenye mizizi ya vitenzi vyenyewe. Kitenzi hicho cha Kiingereza kina asili ya Kilatini, ambako "connectere" kilijengwa kwa kiambishi chenye maana ya "pamoja" na kitenzi "nectere", yaani kufunga. Picha iliyomo ndani yake ni ya vitu viwili vilivyofungwa kwa kamba: kila kimoja kinabaki kama kilivyo, ila kipo kitu kinachopita kati yao. Ndiyo maana Kiingereza hakioni taabu kukitumia kwa waya, kwa reli, kwa tuhuma na hata kwa mapenzi, kwa kuwa katika hali zote hizo kuna kamba ya namna fulani, ionekane isionekane.

"Unganisha" kimetoka kwenye "unga", na "unga" hakina picha ya kamba. Kazi yake ya asili ni kuvifanya vipande viwili kuwa kitu kimoja. Mfupa uliovunjika huungwa, na ubao mfupi huungwa ili ufike. Kutoka hapo tumepata kiungo, muungano, kiunganishi cha sarufi na kitenzi "jiunga", na katika maneno hayo yote wazo la umoja halijapotea. Unapokichukua kitenzi chenye nguvu hiyo ukakiweka mahali ambapo Kiingereza kilikusudia kamba tu, msomaji huelewa zaidi ya ulichotaka kusema.

Tazama sentensi yako ya kwanza. Katika lugha ya mahakama, mtu akiunganishwa na mwenzake maana yake ni kwamba ameongezwa kwenye kesi ileile, na sasa wanashtakiwa pamoja. Mwandishi wa Kiingereza hakufika huko; alisema tu kwamba polisi wanaona uhusiano baina ya kijana na tukio. Kitenzi cha hapo ni "husisha": "Polisi wanamhusisha kijana huyo na wizi." Tofauti hii si ya urembo wa lugha, kwa sababu kuhusishwa ni jambo la fikra na tuhuma, ilhali kuunganishwa katika kesi ni hatua ya kisheria, na anayefasiri habari za aina hiyo amebeba jina la mtu mikononi. Vivyo hivyo, matukio mawili ambayo Kiingereza huyaeleza kwa kitenzi "connect" katika hali ya kutendwa, sisi tunasema "yanahusiana".

Sentensi ya pili ina tatizo jingine. Mtu akisema "naungana nawe" katika mkutano, wote waliopo wanaelewa kwamba anakubaliana na hoja yako au amesimama upande wako. Mwimbaji aliyeungana na mashabiki wake, basi, ni aliyeshuka jukwaani akaingia kati yao, au aliyewaunga mkono katika dai fulani. Kilichokusudiwa ni kwamba aliwagusa, na Kiswahili hakina upungufu wa kulieleza hilo: aliwagusa mioyo, aliwateka, walielewana tangu wimbo wa kwanza. Hapa sishauri kutafuta neno moja la kudumu. Maana hii ya Kiingereza ni pana mno, na kila muktadha utakupa kauli yake ukiusikiliza.

Tukiwa bado kwa watu, mtu ambaye Kiingereza humsifu kuwa ameunganishwa vizuri, kwetu ni mtu anayejuana na wakubwa. Kitenzi "juana" kimekomaa katika maana hiyo kiasi kwamba "amepata kazi kwa kujuana" haihitaji maelezo. Ama kumkutanisha mtu na mwingine anayeweza kumsaidia, "niunganishe naye" imekwisha kukubalika na sioni sababu ya kuikataa.

Kwenye vifaa, safari na mawasiliano, "unganisha" kiko nyumbani kabisa: simu huunganishwa kwenye intaneti, daraja huunganisha kingo mbili za mto, msafiri huunganisha ndege. Jambo la kuangalia ni umbo. Kiingereza hutumia kitenzi kilekile bila kukibadilisha, awepo mtendaji au asiwepo, lakini Kiswahili hudai uamue. Barabara mbili "zinaungana" mbele, daraja "linaunganisha" vijiji, kompyuta "imeunganishwa" na mtu, na mabomba ya vipimo tofauti "hayaunganiki" hata ukijitahidi. Wafasiri wengi huandika "barabara hizi zinaunganisha mbele", na msomaji hubaki akingoja kuambiwa zinaunganisha nini.

Kuna na hatari ya neno dogo "na", ambayo inanisumbua zaidi ya yote niliyoyataja. Kiingereza kina maneno matatu tofauti ya kuonyesha kama vitu viwili vinatajwa pamoja ("and"), kama kimoja kinapelekwa kwenye kingine ("to"), au kama viwili vinahusiana ("with"). "Na" yetu hubeba kazi zote hizo. Mwongozo ukisema "Unganisha waya mwekundu na mweusi", fundi anaweza kuelewa kwamba nyaya hizo mbili ziguse zenyewe kwa zenyewe, au kwamba zote mbili ziunganishwe, kila moja mahali pake. Katika mambo ya umeme huwezi kumwachia msomaji abahatishe. Andika "Unganisha waya mwekundu kwenye ule mweusi" ikiwa ndivyo ilivyokusudiwa, na kama sivyo, taja kila waya na mahali pake, hata kama sentensi itarefuka.

Utakapofika kwenye kinyume cha "unganisha", usijaribu kukiunda kwa kufuata mfano wa "funga" na "fungua" au "ziba" na "zibua", kwani "ungua" ni kitenzi kingine kabisa, cha moto. Kinyume hapa hutegemea kitu chenyewe: simu hukatwa au hukatika, umeme vilevile, plagi huchomolewa, na vipande vilivyoungwa hutenganishwa.