Kipimo cha kolinesterasi kwa wanyunyizaji wa mashamba ya maua

SWALI: Daktari, mimi ni muuguzi katika zahanati ya shamba la maua huko Naivasha. Wanyunyizaji wetu hupimwa kolinesterasi (kimeng'enya cha damu ambacho baadhi ya dawa za kuua wadudu hukizuia kufanya kazi) mara moja kwa mwaka na majibu hurudi "kawaida", ilhali wengine hulalamika kuumwa kichwa na kuona ukungu. Je, kipimo kinakosea?

JIBU: Hakikosei, ila hamna cha kukilinganisha nacho. Kiwango cha kimeng'enya hiki hutofautiana sana baina ya mtu na mtu, hata mwenye kiwango cha juu kiasili anaweza kupoteza karibu theluthi kwa sababu ya oganofosfeti, kundi la dawa za kuua wadudu, na bado maabara ikamwandikia "kawaida". Kwa hiyo kila mnyunyizaji apimwe kabla hajashika bomba, na majibu hayo yahifadhiwe katika faili lake. Kanuni za California, ambazo naona zafaa kuigwa, zinataka taratibu za kazi zikaguliwe kiwango kikishuka chini ya asilimia 80 ya kile cha mwanzo. Na kiwango cha kimeng'enya kilichomo kwenye chembe nyekundu za damu kikifika asilimia 70 au chini yake, mtu huondolewa kwenye kazi za dawa hizo mpaka arejee asilimia 80.

Wanaoachwa nje ni vibarua. Anayeajiriwa Januari kwa ajili ya soko la maua la Februari 14, Siku ya Wapendanao, mara nyingi huanza kazi akiwa hana faili, na hata akipimwa baadaye, namba yake haimwambii muuguzi lolote. Kanuni za Kenya za uchunguzi wa kiafya za mwaka 2005 zinamtwika mwajiri gharama, basi kibarua asikubali kusukumwa alipe mwenyewe.

Siku ya kupima nayo ina uzito wake. Athari ya kabameti, kundi jingine la dawa za kuua wadudu, kwa kimeng'enya hiki huisha ndani ya saa chache, kwa hiyo damu ya Jumatatu asubuhi, baada ya mapumziko, huenda isionyeshe kitu. Chukueni mwishoni mwa juma la kunyunyiza. Mkitoboa kidole, mfanyakazi anawe kwanza kwa sabuni, kwani mabaki ya dawa kwenye ngozi huharibu sampuli.

Anayetokwa mate na jasho jingi, mboni zikiwa zimesinyaa, asisubiri maabara. Avuliwe nguo zenye dawa, aoshwe, apewe atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo, kwa maelekezo ya daktari na kupelekwa hospitali. Gari la kumbeba lijulikane mapema, hata kwa zamu ya jioni.