Treni iliyopita dirishani

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Katika mji unaoishi, ni kitu gani kilibomolewa ambacho wewe usingekibomoa?" Naishi Bronx, New York, mwaka wa kumi na moja sasa, na jibu langu ni reli ambayo sikuwahi hata kuiona.

Naijua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni basi. Kila siku ya kazi napanda Bx15 pale Fordham, tunajikokota na Third Avenue hadi mtaa wa 149, hapo nashuka chini ya ardhi kuchukua treni namba 5 mpaka mtaa wa 86, Manhattan, halafu natembea. Sababu ya pili ni mzee ninayemhudumia. Anakaribia miaka tisini, na umri wake wote ameumalizia kwenye mitaa hiyo hiyo ya Third Avenue, upande wa Manhattan. Siku moja nilichelewa, akaniuliza nimepitia wapi. Nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwaka 1954 ungepanda treni hapo hapo Fordham ukashuka mtaa wa 84," akasema. "Hubadilishi kitu. Senti 15."

Treni hiyo ilipita hewani, juu ya barabara, kwenye nguzo za chuma. Wenyeji waliiita El, kifupi cha "elevated", yaani iliyoinuliwa.

Mambo yalianzia Greenwich Street, kusini mwa Manhattan, enzi za mikokoteni na kinyesi cha farasi. Mtu mmoja, Charles Harvey, alisimamisha safu moja ya nguzo, akalaza reli juu yake, na Desemba 1867 akapanda mwenyewe kwenye kigari cha majaribio. Kigari hakikuwa na injini. Kilivutwa na kebo iliyozungushwa na mashine za mvuke zilizofichwa chini ya njia ya waendao kwa miguu. Kebo ikasumbua, fedha zikamwishia, na 1870 mali yote ikapigwa mnada. Walionunua wakatupa kebo na kuleta vichwa vidogo vya treni vya mvuke. Hapo ndipo biashara ilipoanza kweli: kufikia 1880 Manhattan ilikuwa na njia nne za juu, Second, Third, Sixth na Ninth Avenue.

Ile ya Sixth Avenue ilikuwa ndoto ya daktari. Rufus Gilbert alikuwa mpasuaji, aliyeona jinsi maskini walivyorundikana kwenye vyumba visivyo na hewa wakafa kwa maradhi. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: wape usafiri wa haraka, watahamia palipo na nafasi. Kwanza alitaka abiria wasukumwe kwa hewa ndani ya mabomba makubwa, lakini mpango huo haukujengeka. Njia ilipofunguliwa mwaka 1878 ilikuwa ya mvuke kama nyingine. Dawa ya daktari ikaja na moshi wake.

Na moshi haukuwa wa mchezo. Masizi yaliingia madirishani, cheche na matone ya mafuta yakawadondokea wapita njia na farasi wao. Barabara nzima ilikaa kivulini, jua likishuka vipande vipande kati ya mataruma. Mwenye mali mmoja wa Front Street, Rufus Story, aliipeleka kampuni ya treni mahakamani. Kampuni ikajitetea kwamba barabara si mali ya Story. Mwaka 1882 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikasema: sawa, barabara si yake, lakini mwanga, hewa na njia ya kuingilia nyumbani kwake ni haki yake, na ukimnyang'anya, umlipe. Baada ya hapo wenye nyumba walijipanga foleni kudai fidia. Mimi hukumu hii naipenda. Nimepanga karibu na Jerome Avenue, ambako treni namba 4 bado inapita juu mpaka leo, na mwanga wangu hakuna aliyewahi kunilipa.

Umeme ulipofika, 1902 na 1903, masizi yakaisha. Kelele zikabaki. Na ajali hazikukoma: Septemba 1905 treni iliingia kwa kasi kwenye kona ya Ninth Avenue na mtaa wa 53, behewa likaanguka barabarani, watu 13 wakafa.

Mzee wangu hayo ya ajali hayamhusu. Yeye ni mtoto wa dirishani. Chumba chao kilikuwa ghorofa ya pili, sawasawa na treni, na anasema walikuwa wanazungumza kwa vituo: treni ikija, mama yake ananyamaza na kijiko hewani, ikishapita anaendelea na neno lile lile alilokatiza. Mapazia yalifuliwa kila wiki. Abiria walichungulia ndani, nao wakachungulia abiria, na kuna mwanamke mmoja wa treni ya asubuhi aliyekuwa akimpungia mkono kwa miaka miwili bila wao kukutana popote. Stesheni, anasema, ilikuwa na vioo vya rangi na jiko la chuma katikati, na wakati wa baridi kali watoto walikuwa wakipanda ngazi kuota moto tu, mpaka mkata tiketi awafukuze.

Basi, nani aliiua? Jiji lenyewe, na kwa makofi. Sixth Avenue ilifungwa Desemba 1938. Mwezi Juni 1940 serikali ya jiji ilinunua kampuni binafsi za treni, na mwezi huo huo ikafunga karibu njia yote ya Ninth Avenue pamoja na nusu ya kaskazini ya Second Avenue. Nusu ya kusini ilifuata 1942, chuma chake kikaenda vitani. Third Avenue ikabaki peke yake, ikipunguziwa huduma kidogo kidogo kama mgonjwa anayenyimwa chakula, hadi jioni ya tarehe 12 Mei 1955 treni ya mwisho ya Manhattan ilipoondoka Chatham Square.

Upande wa magharibi sina ugomvi nao. Eighth Avenue walikuwa na treni ya chini tangu 1932, na Sixth Avenue walipata yao 1940. Ugomvi wangu uko mashariki. Watu wa huko waliahidiwa treni ya chini ya Second Avenue, na mwaka 1951 wapiga kura wakaidhinisha mkopo wa dola milioni 500 wakiamini ndiyo hiyo inakuja. Fedha nyingi zikaishia kwenye matengenezo ya njia za zamani. Waliachia mbachao kwa msala upitao. Uchimbaji ulianza 1972, jiji likaishiwa 1975, mashimo yakazibwa. Ukaanza upya 2007. Treni ya kwanza ya abiria ilipita tarehe 1 Januari 2017, ikiwa na vituo vitatu vipya. Vitatu! Kwa zaidi ya miaka sitini eneo lote lile lilisongamana kwenye njia moja tu, ya Lexington, na ndiyo hiyo ninayobanwa nayo kila asubuhi.

Lakini Third Avenue ya Manhattan ilifaidi. Jua lilipofika chini, bei ya ardhi ikapanda, nyumba za matofali zikatoa nafasi kwa maghorofa marefu, wapangaji wakatawanyika. Mzee wangu bado yupo kwa sababu tu kodi yake inadhibitiwa na sheria. Bronx hatukupata hata hayo maghorofa. Kipande chetu, kutoka mtaa wa 149 hadi Gun Hill Road, kiliendelea peke yake, kimekatwa kichwa, mpaka Aprili 1973. Kisha tukapewa basi, Bx55. Leo ni Bx15, na likikwama nyuma ya lori linaloshusha mizigo pale Tremont, unaweza kusoma gazeti lote.

Kwa hiyo, mhariri, nijibu swali kama lilivyoulizwa. Reli yenyewe ningeibomoa. Nimeishi chini ya treni ya juu, sitamdanganya mtu kwamba ni raha. Ila nisingegusa nguzo hata moja ya Third Avenue kabla treni ya chini haijaanza kubeba watu.

Nilimsomea mzee barua hii, nikimgeuzia sentensi moja moja kwa Kiingereza. Akanisahihisha: mwanamke yule alimpungia mkono kwa miaka mitatu, si miwili. Halafu akanituma kwenye droo. Mle kuna ribiti, kipande cha chuma cha kufungia nguzo za reli, aliyoiokota wakati wa kubomoa, kizito kichuma chenyewe, kichwa kama uyoga, rangi imebanduka upande mmoja. Siku hizi tunakilaza juu ya karatasi za dawa zake zisipeperuke, maana dirisha la barabarani hataki lifungwe.